Nusu ya Pili ya "Ndiyo"

Katika ofisi nyingi za Bujumbura, zikiwemo zile zilizopangishwa kwenye nyumba za kuishi nyuma ya mageti ya Mutanga Nord, kikao huenda hivi. Mkuu anaeleza mpango mpya. Anauliza kama kuna mwenye swali. Wafanyakazi wanaitikia "ndiyo, mkuu" kwa zamu, na kikao kinafungwa mapema. Baada ya wiki mbili kazi haijasogea hata hatua, na mkuu, hasa akiwa ametoka nje ya nchi, anaanza kusema kwamba watu wake ni wanafiki, kwamba Mrundi hasemi lililo moyoni.

Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu wahenga wa nchi hii waliijenga sanaa ya kusema lililo moyoni kwa uangalifu ambao vikao vyetu vya leo havijaufikia.

Ethel Albert, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alifanya utafiti Burundi katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1964 akachapisha makala juu ya usemaji wa Warundi ambayo wanaisimu wanaisoma mpaka leo. Aliona kwamba mazungumzo ya hadhara yalikuwa na mpangilio: mkubwa kwa umri na cheo huanza, wadogo hufuata. Mdogo asiyekubaliana na mkubwa hakunyamaza, wala hakumpinga usoni. Alianza kwa kukiri kwamba mzee amesema kweli, maana ameona mengi. Kisha, polepole, akaingiza maoni yake, ambayo mara nyingine yalikuwa kinyume kabisa cha yale aliyotoka kuyasifu. Hakuna aliyedanganywa hapo. "Ndiyo" ya kwanza ilikuwa kupiga hodi, na mzee aliyelelewa vyema alijua kwamba mgeni bado yuko mlangoni, hajasema kilichomleta.

Ofisi ya leo imeipokea hodi na kuufunga mlango. Ajenda ni saba, muda ni saa moja, lugha ni Kifaransa. Nusu ya kwanza ya sentensi inaandikwa kwenye muhtasari kama makubaliano, na nusu ya pili inatoka na mwenyewe hadi barabarani, ambako ataisema yote kwa Kirundi au Kiswahili, kwa ufasaha na kwa mifano, huku mkuu ameshaondoka na gari lake.

Tuseme "penye wazee haliharibiki neno", lakini tuseme pia kwa nini halikuharibika. Bashingantahe, wale wazee wa hekima waliosuluhisha kesi vilimani wakiwa na fimbo yao ya intahe, walisikiliza pande zote mbili na mashahidi, kisha wakajitenga kando kushauriana kabla ya kutamka lolote. Na mtu hakuvikwa heshima hiyo hivi hivi: jirani zake walimtazama kwa muda mrefu, anavyosema, anavyonyamaza, anavyotunza siri ya mwenzake. Kwao kumjua mtu kulikuwa kazi ya miaka. Sisi tunaimaliza katika dakika ambayo mtu anafungua geti.

Hapo ndipo uharibifu unapoanzia, kabla neno halijatamkwa. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliandika juu ya kosa la kawaida la wanadamu: mwenzetu akikosea tunasema ndiyo tabia yake, bila kuangalia hali iliyombana. Itazame Bujumbura ya miaka hii ya uhaba wa mafuta. Foleni za basi zinafika usiku, na wengi huamua kutembea. Mkuu akichelewa, sababu ni barabara. Mlinzi aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa Kamenge akichelewa, sababu ni uvivu wake. Wote wawili wamezuiwa na uhaba ule ule, lakini mmoja tu ndiye anayeulizwa tabia yake.

Lugha nayo hutengeneza watu wasiokuwepo. Dereva aliye kimya katika kikao cha Kifaransa huonekana mzito wa akili, ilhali jioni hiyo hiyo, mtaani kwake Buyenzi, ndiye anayeamua ugomvi wa vijana kwa Kiswahili kinachowaacha wote wameridhika. Hata Kiswahili chenyewe kimebeba mzigo huu: kwa muda mrefu Burundi, kumwita mtu Mswahili kulimaanisha mjanja wa kutoaminiwa. Watu wangapi wamepimwa kwa neno hilo na kukataliwa kabla hawajajieleza?

Sitaki mila ile irudi jinsi ilivyokuwa. Wanawake hawakuwa na zamu katika baraza. Albert aliandika kwamba wasichana wa koo kubwa walifundishwa kunyamaza kwa ustadi na kusikiliza kwa makini kiasi cha kuweza kurudia maneno ya wageni karibu neno kwa neno. Wasikilizaji bora wa nyumba nzima walikuwa wale wale walionyimwa kusema. Hasara hiyo bado tunailipa katika kila ofisi ambayo dada wa mapokezi anajua malalamiko yote ya wateja na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hata hivyo, nchi hii imewahi kuonyesha kwamba kusikilizana kunaweza kupangwa, tena katika wakati mbaya kuliko huu. Mwaka 1995, vita vikiendelea na mitaa ya Bujumbura ikigawanyika kwa kabila, ilianzishwa Studio Ijambo, na waandishi wake Wahutu na Watutsi walikwenda kuchukua habari wawili wawili, ili mmoja asikie ambalo mwenzake angelipita. Mwaka 1997 ukafuata mchezo wa redio *Umubanyi Niwe Muryango*, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia mbili jirani. Jina lake linasema jirani ndiye ndugu, na watu walikaa kuusikiliza wakati ambapo kumwamini jirani kulihitaji ujasiri.

Mkuu wa ofisi hahitaji redio. Anahitaji kunyamaza baada ya "ndiyo" na kungoja, kuwauliza wadogo kwa lugha wanayoiweza, kuwafuata kesho yake mmoja mmoja, na jambo kubwa asiliamue siku ile ile lilipozungumzwa, kama bashingantahe walivyojitenga kwanza. Pengine ashike koleo pamoja nao katika kazi za pamoja za Jumamosi, ambako maneno hutoka kwa urahisi zaidi. Mwaka wa kwanza hatapata mengi. Wengi wao wana kumbukumbu ya mkuu mwingine aliyewahi kuwaadhibu kwa nusu ile ya pili, na watataka kwanza kuona atamfanya nini yule wa kwanza atakayeisema.