Somo la 6: Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

SABATO MCHANA

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7.

Musa anapowaagiza wazazi wa Israeli kuwafundisha watoto wao maneno ya Mungu, anataja pia wakati wa kufundisha: wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoondoka. Katika hizo nne hakuna darasa. Hema ya kukutania haitajwi, wala kuhani. Aliyekabidhiwa kazi ni yule anayelala chumba kimoja na mtoto na kuamka naye.

Watu wanapoketi nyumbani huwa wanafanya nini? Katika nyumba za Israeli ya kale waliketi wakichambua nafaka, wakisokota nyuzi, wakitengeneza zana za shamba. Watoto walikuwa hapohapo, wakishika ncha ya uzi au wakiokota punje zilizodondoka. Agizo la Musa linachukulia kwamba mzazi na mtoto wana kitu cha kufanya pamoja, na maneno yanakuja katikati ya kazi hiyo. Pale ambapo baba ameketi na taarifa ya habari, mama yuko jikoni, kaka mkubwa ameinamia simu, na mdogo anaambiwa anyamaze, agizo hilo linakosa mahali pa kuanzia.

Juma hili tutaangalia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo: furaha ya kila siku nyumbani, na vitu ambavyo wazazi na watoto wadogo hutengeneza kwa mikono yao wenyewe.

JUMAPILI
Kipimo cha mtoto asiyeonekana

Soma 1 Samweli 2:18-21. Hana alimpeleka nani kwa nini mwaka kwa mwaka?

Hana alikuwa amemtoa mwanawe. Samweli aliishi Shilo pamoja na Eli, na mama yake alimwona mara moja kwa mwaka, familia ilipopanda kwenda kutoa dhabihu. Biblia ingeweza kutuambia kwamba Hana alimwombea, na bila shaka alimwombea. Lakini jambo ambalo mwandishi ameliona linafaa kuandikwa ni kwamba alimshonea kanzu ndogo.

Mtu yeyote aliyewahi kumshonea mtoto nguo anajua ugumu uliokuwapo. Mtoto hayupo wa kupimwa. Mwaka uliopita kanzu ilimfikia kwenye vifundo vya miguu. Je, sasa amerefuka kiasi gani? Mabega yamepanuka? Hana alilazimika kumfikiria Samweli kwa muda mrefu kabla ya kukata kitambaa, akikisia urefu wa mikono na upana wa kifua, huku akijua kwamba akikosea hawezi kurekebisha hadi safari ijayo. Kila mshono ulikuwa ni kumfikiria mtoto. Samweli naye, akivaa kanzu hiyo asubuhi baada ya asubuhi alipokuwa akihudumu, alivaa ushahidi kwamba kule nyumbani kuna mtu anayemkumbuka kwa kipimo.

Eli, kwa upande mwingine, aliishi karibu na wanawe kila siku. Walifanya kazi mahali pamoja. Hata hivyo Maandiko yanasema walipotoka naye hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Ukaribu wa mwili haukutosha. Wako wazazi leo wanaofanya kazi mji mwingine, au ng'ambo, ambao huwafikiria watoto wao kwa makini kuliko jirani yao anayerudi nyumbani kila jioni saa kumi na mbili.

Lazima iongezwe, ili mtu asidanganyike, kwamba wana wa Samweli mwenyewe hawakuenenda katika njia zake (1 Samweli 8:3). Kanzu ya upendo si kinga inayomnyang'anya mtoto uhuru wa kuchagua. Hana hakushona ili apate uhakika.

Je, ni kitu gani nyumbani mwako ambacho mtoto anaweza kukishika na kusema, "Hiki walinitengenezea mimi"?

JUMATATU
Kisafina kwenye beseni

Soma Kutoka 2:1-10. Ni vitu gani vilivyotumika kukitengeneza kisafina, na kila kimoja kilikuwa na kazi gani?

Kuna mafungu ambayo mtoto wa miaka mitano huyaelewa kwa mikono kabla ya kuyaelewa kwa masikio. Hili ni mojawapo. Mzazi anaweza kumsomea habari hii mara kumi akaitikia tu. Lakini wakisuka pamoja kikapu kidogo kwa ukindu, kwa nyasi ndefu au hata kwa vipande vya majani makavu ya mgomba, kisha wakakiweka kwenye beseni la maji, mtoto ataona jambo ambalo hakulitegemea: kikapu kinaelea kwa muda mfupi, maji yanapenya kwenye matundu, na jiwe dogo waliloliweka ndani kuwa "mtoto Musa" linalowa.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Mama yake Musa alifanyaje? Sasa mtoto yuko tayari kusikia habari ya lami. Wajaribu kwanza udongo wa mfinyanzi. Utaziba matundu kidogo, kisha utaanza kuyeyuka ndani ya maji. Wajaribu nta ya mshumaa, ambayo mzazi ameiyeyusha mwenyewe na kuipaka ingali na joto, kwa kuwa moto na kisu si kazi ya mikono midogo. Nta ikishaganda, kikapu kinaelea na jiwe linabaki kavu. Mtoto aliyeona kikapu cha kwanza kikizama hatasahau kwa nini Yokebedi alikipaka chake. Amejifunza pia kwamba imani ya mama huyo ilikuwa na kazi ndani yake: alimwamini Mungu na akaziba matundu.

Maswali yatakayofuata si yale yaliyopangwa katika kitabu cha mwalimu. "Mtoto alilia?" Naam, alikuwa akilia binti Farao alipokifungua kisafina (fungu la 6). "Dada yake aliogopa?" Biblia inasema tu alisimama mbali ili ajue yatakayompata. Mzazi asiogope kusema kwamba jambo fulani halikuandikwa.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi nzuri kama hizi, nalo hufanywa na wazazi wenye bidii zaidi kuliko wavivu. Mzazi anaona kikapu kimepinda, anakichukua, anakinyoosha, anakimaliza mwenyewe. Sasa ni kizuri, lakini si cha mtoto tena. Kikapu kilichopinda kiachwe kipinde. Dakika arobaini za vidole vinavyokosea ndizo nafasi ya kuketi nyumbani ambayo Musa aliitaja.

JUMANNE
Familia nzima juu ya dari

Soma Nehemia 8:13-18 na Mambo ya Walawi 23:40-43. Nani walivijenga vibanda, na kwa vitu gani?

Mungu aliweka katika kalenda ya Israeli siku saba ambazo kila nyumba ilipaswa kujenga kibanda na kukaa ndani yake. Vifaa havikununuliwa. Watu walipanda mlimani wakaleta matawi ya mzeituni, mhadasi, mitende na miti minene, wakajenga juu ya dari za nyumba zao na katika nyua zao. Hebu fikiria furaha ya mtoto anayeruhusiwa kulala nje, chini ya majani, pamoja na baba na mama! Sababu ya sikukuu hiyo ilikuwa nzito: vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha baba zao katika vibanda alipowatoa Misri. Fundisho likatolewa kwa njia ambayo mtoto angeililia irudi mwaka ujao. Nehemia anaandika kwamba furaha ilikuwa kubwa sana.

Kanga mbili, kamba na viti vinne vinaweza kuwa kibanda sebuleni leo jioni. Ibada ya familia ikifanyika humo ndani, kwa taa ndogo, hakuna mtoto atakayeuliza itaisha lini.

JUMATANO
Kisanduku kinachofunguliwa jua likizama

Soma Isaya 58:13, 14. Linganisha neno ambalo Mungu analitumia kuhusu Sabato na maneno ambayo watoto wa nyumbani kwako huyasikia siku hiyo.

Bwana anataka Sabato iitwe furaha. Watoto wengi wa Kiadventista huijua kwa maneno mengine: usikimbie, usiguse, usipige kelele, vua hiyo, kaa hapa. Wazazi wanafanya hivyo kwa nia njema, wakitaka kuilinda siku takatifu. Lakini mtoto hawezi kupenda uzio usiokuwa na bustani ndani yake. Miaka kumi na mitano baadaye, akiwa chuoni, siku ile ambayo hakuna wa kumwambia "usi-", anagundua kwamba hakuna kitu kilichobaki cha kuikumbuka.

Jambo hili linahitaji maandalio, na Siku ya Maandalio ina kazi zaidi ya kupika na kupiga pasi. Baadhi ya familia za Kiadventista huweka kisanduku cha Sabato. Ndani yake mna vitu ambavyo mtoto havigusi siku nyingine: wanyama wa udongo wa safina ya Nuhu, mawe kumi na mawili ya Gilgali, picha za ndege zilizokatwa kwenye magazeti ya zamani na kubandikwa daftarini. Gundi si lazima inunuliwe. Uji mzito wa unga wa ngano hubandika karatasi vizuri. Vitu hivyo hutengenezwa katikati ya juma, na kisanduku hufunguliwa Ijumaa jua likizama. Katika nyumba kama hiyo, mtoto ndiye anayesimama mlangoni akiangalia jua.

Wazo hili si geni kati yetu. Ellen White alikata kwenye magazeti hadithi zenye mafunzo mema, akazibandika katika madaftari kwa ajili ya kuwasomea watoto wake. Baadhi yake zilichapwa baadaye ili zisomwe katika nyumba nyingine siku ya Sabato. Na masomo yetu ya Shule ya Sabato yenyewe yalianza kama kitu cha kutengenezwa njiani. Mwaka 1852 James White alianzisha gazeti la vijana, Youth's Instructor, na masomo ya kwanza aliyaandika safarini, kando ya barabara, wakati farasi wake akila. Mzaliwa wao wa kwanza, Henry, alikuwa akikaribia miaka 5. Kanisa bado lilikuwa halijapata hata jina, lakini tayari mtu alikuwa ameona kwamba watoto hawana cha kujifunza, na akatumia muda aliokuwa nao.

Je, kukata na kubandika kufanyike siku ya Sabato yenyewe? Waumini wanyofu hawajibu swali hili kwa namna moja, na si vema kikundi kimalize saa nzima juu yake. Njia iliyo salama na yenye raha ni hii: Sabato alasiri familia inatoka nje, inaangalia, inasikiliza, inaokota majani na mbegu zilizodondoka na kuzungumza juu ya Muumba wake, Jumapili wanavibandika. Hivyo Sabato inaendelea kusimuliwa mpaka Jumatatu.

ALHAMISI
"Hatuna pesa, hatuna muda"

Kuhusu pesa, jibu ni fupi. Watoto wa Afrika Mashariki wametengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya ndala zilizokatika, mipira ya makaratasi na kamba, wanasesere wa magunzi ya mahindi, na tiara za karatasi na njiti. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu mzima wa kuchuchumaa pale na kuuliza, "Hili gurudumu umelifungaje?"

Muda ni neno gumu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mama anayetoka sokoni saa moja usiku hahitaji kuhubiriwa juu ya ubunifu. Lakini Kumbukumbu la Torati 6 halidai saa mpya. Linadai zile zilizopo. Kumenya viazi pamoja, kila mmoja akimtaja mnyama aliyeingia safinani, ni kuketi nyumbani. Kuhesabu milango ya bluu kutoka kituoni hadi kanisani ni kutembea njiani.

Soma Luka 7:31, 32. Yesu alijua watoto walicheza nini sokoni: arusi kwanza, wenzao wakakataa, kisha msiba, wakakataa tena. Alikuwa amesimama akaangalia. Soma pia Zekaria 8:4, 5, ambapo nabii anaonyeshwa Yerusalemu uliorudishwa, na katika ahadi hiyo ya Mungu zimo njia zilizojaa wavulana na wasichana wakicheza, huku wazee wenye mikongojo wameketi hapohapo.

Kisha soma Malaki 4:5, 6. Ujumbe wa Eliya, ambao kanisa hili linaamini limekabidhiwa kuutangaza kabla ya siku ya Bwana, unaanza kwa kugeuza mioyo ya baba iwaelekee watoto. Baba anatajwa wa kwanza. Je, hilo linamaanisha nini kwa mzee wa kanisa ambaye kila jioni ya juma ana kikao?

IJUMAA

Maswali ya Kujadili:

Yoshua 4:5-7 inaonyesha kwamba rundo la mawe liliwekwa ili watoto waulize. Ni kitu gani nyumbani mwenu, au kanisani penu, kinachomfanya mtoto aulize kabla hajafundishwa?

Wako watoto katika kundi lenu wanaolelewa na bibi, na mzazi yuko mbali. Kwa kufikiria kanzu ya Hana, mzazi huyo anaweza kutuma nini kilichotengenezwa kwa mkono wake, na kundi linaweza kumsaidia bibi kwa namna gani?

Waulizeni watoto wa kanisa lenu, bila kuwaongoza, wanakumbuka nini kuhusu Sabato iliyopita. Leteni majibu yao darasani kama walivyoyasema.