Kabla ya mshahara, uliza zamu ya usiku

Wiki hii mtoto wa dada yangu alinipigia simu. Baada ya shikamoo akasita kidogo, kisha akasema: "Mama mdogo, nimepata kazi, lakini moyo unakataa."

Ana stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu ya darasa na wodi. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo. Tangu amalize yuko nyumbani, na kila Sekretarieti ya Ajira inapotoa tangazo, anaomba. Sasa zahanati moja binafsi hapa Dar es Salaam inamtaka kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Akitoa nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na chakula cha mchana, kodi ya chumba haipatikani.

Nyumbani wamegawanyika. Mama yake anasema mtu hakatai kazi akiwa hana kazi. Mjomba wake anasema hayo ni matusi kwa msomi. Mimi nikamuuliza: usiku utakuwa zamu na nani? "Peke yangu. Daktari anaondoka saa mbili." Na mkataba? "Wamesema tutaongea baada ya miezi mitatu ya majaribio." Hapo ndipo iliponiuma, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa ajira hakuna, waajiri wakubwa wanataka uzoefu, na uzoefu haupatikani sebuleni. Nakubali. Tena naongeza: mshahara mdogo peke yake si kosa. Zahanati ya mtaani inategemea wagonjwa ambao wengine hulipa nusu na kuahidi nusu. Haiwezi kulipa kama hospitali ya rufaa. Kama pale kungekuwa na muuguzi mkongwe wa kusimama naye, amwonyeshe namna ya kumtambua mtoto anayezidiwa kabla hajazidiwa, ningemwambia nenda, kaa mwaka mmoja. Fedha inayopungua ningeihesabu kuwa karo.

Lakini aliyeachwa peke yake atamlipa nani karo? Mfikirie mama aliyejifungua saa nane usiku, damu ikakataa kukoma. Anahitaji kuchomwa oksitosini, kukandwa mfuko wa uzazi, kuwekewa dripu, kupimwa presha, na gari la kumpeleka hospitali liitwe, yote kwa wakati mmoja. Mtoto mchanga naye analia pembeni. Mikono ya mtu mmoja haitoshi, hata iwe ya mkunga wa miaka ishirini kazini. Kumweka hapo binti aliyetoka chuoni juzi ni kumhatarisha mama yule na kumvunja binti huyu moyo kwa maisha yake yote.

Wengine watasema uuguzi ni wito. Ni kweli, na ninawaheshimu sana walioitikia. Ila wito wa muuguzi haumfutii mwajiri wajibu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka ampe mwajiriwa masharti ya kazi kwa maandishi tangu anapoanza. Majaribio hayaondoi haki hiyo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na kazi ya usiku ina nyongeza yake ya asilimia 5. Anayetaja wito huku akificha karatasi anautumia moyo mwema wa kijana kujipunguzia gharama.

Nilimshauri arudi akaombe mambo mawili: mkataba wa maandishi, na mwenzake mwenye uzoefu katika zamu za usiku mpaka mkono ukomae. Wakikubali, aichukue kazi kwa fedha hiyohiyo, na sisi ndugu tumchangie kodi. Wakikataa, asiende. Ni heri ajitolee hospitali ya wilaya chini ya wauguzi wazoefu, aendelee kuomba.

Wazazi wenzangu, nawasihi tusiwasukume watoto hawa kwa sababu majirani wanauliza wanafanya nini. Tuwaulize kwanza nani atakuwa pembeni yao mgonjwa akizidiwa. Mambo yakiharibika, mwenye zahanati anaweza kuajiri mwingine kesho yake. Atakayeitwa mbele ya Baraza kujibu ni muuguzi, maana leseni ina jina lake.