Mwili wa Tabibu na Mwili wa Nduguye

Mwili ni amana, na mja si mmiliki wake bali mtunzaji. Kwa itikadi hiyo wengi wetu wa pwani tumelelewa kuona kwamba kujitia maradhi kwa makusudi ni dhambi, hata nia ikiwa njema. Je, hukumu hiyo humshukia pia yeye aiponzaye nafsi yake kwa kutafuta ilimu?

Mwaka 1916 tabibu Stewart alikwisha kuona katika panya kwamba minyoo ya tumbo, ile mirefu ya mviringo, haikomai pale yai lilipoanguliwa: mnyoo mchanga hutoboa utumbo, huchukuliwa na damu hadi mapafuni, hupenya vifuko vya hewa, hupanda kooni, kisha humezwa na kurudi tumboni. Ilibaki shaka kama safari hiyo hufanyika ndani ya binadamu. Mwaka 1922 Shimesu Koino, tabibu wa watoto huko Japani, alimeza mayai 2,000 ya mnyoo huo. Akashikwa na ugonjwa wa mapafu, na katika makohozi yake mwenyewe akaikuta minyoo michanga. Baadaye, alipokunywa dawa, ilimtoka minyoo 667.

Mimi simhesabu Koino kuwa aliidharau amana. Ajiangamizaye huikimbia taabu yake. Huyu aliifuata taabu ya wengine, watoto wasio idadi waliokohoa bila ya waganga wao kujua sababu, kwa kuwa minyoo ingali mapafuni choo cha mgonjwa hakina yai hata moja, wala mayai hayaonekani ila baada ya miezi miwili au zaidi. Gharama aliilipa kwa pumzi zake.

Moyo wangu wasita penginepo. Nduguye mdogo naye alimezeshwa mayai, ya mnyoo wa nguruwe, ili ijulikane kama aina mbili hizo ni moja. Hata tukisema aliridhia, ridhaa ya mdogo mbele ya kaka yake, tena kaka mwenye elimu, ni ridhaa gani? Sisi tuliofundishwa kuitika labeka kabla ya kusikia tunaloitiwa twajua uzito wa kukataa katika kinywa cha mdogo. Nafsi ya ndugu ni amana aliyokabidhiwa mwingine, na simwoni Koino kuwa na udhuru wa kuigusa, ijapokuwa faida ilikuwa kubwa. Kwani kama alitaka habari ya mnyoo wa nguruwe, tumbo lake mwenyewe lilikuwapo, angalingoja litakasike kwanza na ile minyoo 667.