Pua Isiyopumua

Zaburi ya 115 ina mahali inapocheka. Mtunga zaburi anasimama mbele ya sanamu za mataifa na kuzikagua kiungo kwa kiungo: kinywa, macho, masikio, pua, mikono, miguu. Vyote vimechongwa kwa ustadi, na hakuna hata kimoja kinachofanya kazi yake. Wiki hii naisoma Zaburi hiyo nikiwa na paka akilini.

Naomba msinicheke. Maandiko hayana mengi juu ya paka. Anatajwa mara moja tu, katika Barua ya Yeremia iliyo mwishoni mwa kitabu cha Baruku, akiwa amejikalia juu ya miungu ya Babeli pamoja na popo na mbayuwayu. Katika hekalu lile lote la fedha na dhahabu, wenye uhai walikuwa paka na wenzake hao.

Tarehe 13 Julai 1871, katika jumba la vioo la Crystal Palace mjini London, mchoraji Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka ambayo ndiyo yaliyofungua njia kwa mengine yote. Nia yake ilikuwa njema. Paka wa siku zile alithaminiwa kwa kukamata panya, basi, na Weir alitaka watu wauone uzuri wake ili wajifunze kumtendea kwa huruma. Mwaka 1887 kikaanzishwa chama cha kitaifa cha paka, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Baadaye alikiacha, akilalamika kwamba wanachama walijali medali kuliko paka wenyewe. Mwaka 1889 alitoa kitabu chenye michoro ya mkono wake, na humo yumo paka wa Kiajemi wa enzi hizo: manyoya marefu, mkia mnene, na pua. Pua hasa, iliyochomoza.

Mtazame Mwajemi wa maonyesho ya leo. Vizazi kwa vizazi vya kuchagua dume na jike wenye uso mfupi zaidi vimeirudisha pua nyuma mpaka imefika katikati ya macho. Fuvu likifupishwa hivyo, vilivyomo ndani havipungui kwa kiasi hicho hicho. Njia ya hewa inabanwa na paka anakoroma akiwa macho. Mfereji wa kupitishia machozi unapinda, kwa hiyo machozi yanamwagika usoni mchana kutwa na kuacha michirizi ya kahawia. Meno yanakosa nafasi. Majike wengine huzaa kwa shida. Huko Uingereza imebidi iandikwe kanuni ya kumnyima tuzo Mwajemi ambaye ukingo wa juu wa pua yake umepanda kupita ukingo wa chini wa jicho. Fikirini jambo lilipofika hata kanuni kama hiyo ikahitajika.

Wafugaji, kwa haki yao, si watu wakatili. Waajemi walisumbuliwa pia na ugonjwa wa kurithi wa figo, unaojaza figo vifuko vya maji hadi zishindwe kazi. Mwaka 2004 hitilafu katika jeni husika ilitambuliwa, kipimo kikapatikana, na wafugaji waaminifu wakaanza kuwapima paka wao na kutowazalisha wenye ugonjwa. Hilo liliwezekana kwa sababu hakuna jaji wa maonyesho anayeiona figo. Lakini uso? Uso ndio bidhaa yenyewe. Ugumu unaanzia pale kasoro inapopendwa.

Na hapo namleta Susie. Mwaka 1961, karibu na Coupar Angus huko Scotland, mchunga kondoo William Ross alimwona paka mweupe wa shambani ambaye masikio yake yalikunjika kwa mbele, kichwa chake kikaonekana cha mviringo kama cha bundi. Kutoka kwa Susie ulitokea ukoo mzima unaoitwa Scottish Fold. Watoto wao huzaliwa na masikio yaliyonyooka. Wenye jeni ile huanza kukunjika masikio wakikaribia wiki ya tatu. Sikio linakunjika kwa sababu gegedu lake limeumbika vibaya. Tatizo ni kwamba gegedu haliko masikioni peke yake. Liko kwenye vifundo vya miguu, kwenye vidole, kwenye pingili za mkia, na jeni ni ile ile moja. Ndiyo maana viungo vinavimba, mifupa inaota vinundu na kushikana, mkia unakakamaa. Aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama hulemaa angali mdogo. Aliyerithi upande mmoja naye ni mgonjwa, wengine kidogo, wengine sana. Chama kikuu cha usajili cha Uingereza kiliacha kuwasajili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakavuka bahari, Marekani ikawapokea, na leo wamejaa katika picha zinazozunguka kwenye simu zetu, wengi wakiwa wameketi kwa makalio, miguu wameinyoosha mbele. Tunabonyeza kitufe cha moyo na kupita.

Sifa moja ya paka hawa hurudiwa na kila anayewauza: ni wapole. Hawaruki ovyo, hawapandi makabati, ukiwaweka mahali wanakaa. Inawezekana kabisa wengine ni wapole kwa tabia. Ila daktari wa mifugo atawaambia kwamba paka ni hodari wa kuficha maumivu, na kwamba paka anayeumwa viungo hulia mara chache. Anachofanya ni kuacha kuruka. Mwenye nyumba anaona utulivu na kumshukuru Mungu.

Mtunga zaburi, akimaliza kuzicheka sanamu, anaongeza neno ambalo mimi nalihofia kuliko yote yaliyotangulia: wachongaji huishia kufanana na walichokichonga. Macho yapo, yameacha kuona.

Kuchagua mbegu si dhambi. Yakobo katika Mwanzo 30 alichagua kundi la Labani kwa ujanja usiofichika, akiwataka wenye madoadoa na mistari, na aliondoka tajiri. Hapa pwani ya Kenya, paka wenye manyoya yanayofanana na gome la mti walichukuliwa kutoka pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wakafika Denmark miaka ya 1980, na leo ni aina inayotambuliwa kimataifa kwa jina la Sokoke. Hawakuhitaji kuvunjwa kiungo ili wapendeze. Lakini kuna mfano mwingine, paka wa miguu mifupi aitwaye Munchkin, ambaye ukoo wake ulianzia Louisiana mwaka 1983: kijusi kikipata jeni ya ufupi kutoka kwa wazazi wote wawili, hakifiki kuzaliwa. Mambo ya Walawi 22 inamtaja mnyama mwenye kiungo kirefu kupita kiasi au kifupi kupita kiasi, na haimkubali kwa sadaka ya nadhiri. Kwa Israeli ilikuwa kasoro ya kusikitikia. Kwetu imepewa bei.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini padre anahangaika na paka wakati kuna watoto wenye njaa parokiani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inamuunga mkono kwa nusu: katika namba 2418 inaonya tusiwape wanyama mapendo yanayowastahili watu wala fedha ambazo zingepunguza taabu ya binadamu. Namba hiyo hiyo, sentensi chache tu kabla, inasema kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Anayetoa fedha nyingi kumnunua paka aliyezalishwa akiwa mlemavu anaivunja mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Uholanzi ilizuia kuwazalisha wanyama wenye maumbile ya kuwadhuru mwaka 2014, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ikakataza hata kuwafuga paka wapya wa masikio yaliyokunjwa na wale wasio na manyoya. Waliozaliwa kabla ya hapo na kuwekewa chipu wanaruhusiwa kukaa na wenyewe mpaka mwisho wa maisha yao. Naipenda huruma ya kifungu hicho, maana paka hakukosa.

Kwa hiyo kama mmoja wenu, Nairobi, Dar es Salaam au kule Muscat, tayari ana paka wa namna hii nyumbani, asimfiche kwa aibu na asimtupe. Ampeleke apigwe picha ya mifupa, aulizie dawa ya maumivu, amwekee trei ya mchanga yenye ukingo mfupi na ngazi ndogo ya kupandia kitini. Uso mfupi ufutwe machozi kila siku kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Na ahasiwe, awe dume au jike, hata kama jirani ameshaweka oda ya watoto.