Unapomwachia Mungu

Hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mtu akidhulumiwa na mwenye nguvu, neno la kwanza atakaloambiwa na wazee ni: "Mwachie Mungu." Nalipenda neno hilo, nimelelewa nalo. Ndiyo maana linaniuma linapotumika kumziba mtu mdomo.

Mwaka 2023 lilisemwa sana. Tarehe 27 Machi serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini kabla ya 15 Aprili. Mwezi Mei askari wakaanza kuwakusanya watu Lilongwe. Wengi, watoto wakiwemo, walifungiwa kwanza katika gereza la Maula. Kambi iliyopangiwa watu 10,000 hivi ilikuwa tayari na zaidi ya 50,000. Watu walishuka kwenye magari na godoro moja na funguo za maduka yaliyokwisha kuporwa.

Mama mmoja alishuka amekumbatia daftari la wateja waliomkopa. Kila jirani aliyempelekea maji alimwambia amwachie Mungu. Mzee mmoja wa Fizi, Kongo, aliyezoea kuamua kesi barazani kwao, alimwambia vivyo hivyo, kisha akaomba kalamu. Akamkalisha ataje kila kitu: magunia ya mchele, vitenge, madumu ya mafuta ya kupikia, mtaa duka lilipokuwa, siku na saa lilipovamiwa. Mama akilia, anamngoja. Akitulia, anauliza tena bei ya kitenge. "Mungu hasahau, mwanangu," alimwambia, "ila wewe utasahau."

Kwangu mimi, mzee huyo ndiye aliyeielewa imani. Tukumbuke Nabothi, aliyeuawa kwa hila ili mfalme Ahabu apate shamba lake la mizabibu. Mungu aliona, lakini hakuishia kuona: alimtuma Eliya aende palepale shambani amkabili mfalme. Na Waislamu wenzetu hapa kambini hufundishwa kwamba kati ya dua ya aliyedhulumiwa na Mwenyezi Mungu hakuna pazia. Dua hiyo nayo ni lazima mtu aitamke. Tunachomwachia Mungu ni kisasi. Ushahidi hajatuondolea.

Wapo watakaonijibu kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Siwalaumu, wengine wamezikimbia nchi mbili, tatu, na kila mahali mwewe ni yuleyule. Lakini ardhi hii tunayolalia ilikuwa gereza la wapinzani wa Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Mwaka 1971 alitangazwa rais wa maisha, na nani angethubutu kusema maisha hayo ya utawala yatakatika? Tarehe 8 Machi 1992 waraka wa maaskofu Wakatoliki ukasomwa makanisani nchi nzima, ukitaja hadharani dhuluma ambazo watu walikuwa wakinong'onezana majumbani. Polisi waliwahoji maaskofu hao, na ndani ya chama tawala yakasemwa maneno ya kuwaua. Mwezi Juni 1993 wananchi wakapigia kura mfumo wa vyama vingi, na Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi. Mwaka huohuo Dzaleka ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Wakati wa utawala wa Banda, wanasiasa wanne waliuawa wilayani Mwanza, hapa Malawi, mwaka 1983, na taifa likaambiwa ni ajali ya gari. Tume ilichunguza, kesi ikafunguliwa, na Desemba 1995 mahakama ikamwachia Banda huru. Alikufa mwaka 1997 bila kutiwa hatiani. Anayehubiri kwamba malipo ni hapahapa duniani azitazame kwanza familia za wale wanne. Kuna haki ambayo macho yetu hayataiona, na hasa kwa ajili ya haki hiyo tunahitaji imani.

Hata hivyo, uchunguzi ule uliweka wazi kwamba haikuwa ajali. Uongo wa miaka kumi na zaidi ulivunjwa na watu walioyahifadhi waliyoyaona na kuyasikia.

Mfano mwingine wa kuhifadhi ushahidi ni Vera Chirwa, mpinzani wa Banda. Alitekwa pamoja na mumewe, Orton, mwaka 1981, wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Orton alifia gereza la Zomba mwaka 1992. Vera alitoka Januari 1993, akaanza kuwatetea wasio na mtu wa kuwasemea, na mwaka 2000 akateuliwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kufuatilia hali za magereza barani. Mfungwa wa jana akawa anaingia magerezani na daftari, akiuliza wafungwa wanakula nini na wanalala wapi, na kuandika walichomjibu.