Ng'ombe Aliyezoea Kupiga Pembe

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuna sheria ambayo Msukuma yeyote aliyewahi kuchunga anaielewa bila kufafanuliwa. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hadi akafa, ng'ombe huyo auawe, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa, asimfunge, basi damu iko juu ya mwenyewe. Ng'ombe hakubadilika wala pembe hazikubadilika. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alikuwa ameambiwa.

Mimi ni fundi wa magari hapa Busisi, tena ni katekista wa kigango. Sheria hiyo naikumbuka nikiwa uvunguni mwa gari, hasa zinapoletwa Land Cruiser za zamani ambazo usukani wake umelegea.

Mzee mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, anayo ya mwaka 1994, ile ambayo enzi zake tuliiita shangingi na kuwaachia wakubwa. Aliinunua mnadani mradi mmoja ulipofungwa. Siku hizi inabeba kwaya, wagonjwa, na majeneza. Alikuja jioni moja, nikampa shikamoo yake, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, usukani unanisumbua. Nikiingia kwenye shimo unatikisika mpaka mikono inakufa ganzi."

Gari hizi zina ekseli moja ngumu mbele, kwa hiyo gurudumu la kulia na la kushoto yanategemeana. Usukani huzungusha boksi lake, boksi husukuma mkono wa chuma, mkono husukuma fito, na fito ndefu ya tairodi huyaunganisha magurudumu mawili yaende pamoja. Kila mwisho wa fito kuna kifundo kidogo cha duara kilichofunikwa na mpira. Mpira ukichanika, maji na vumbi huingia, grisi hutoka, chuma kinasaga chuma. Uchakavu wa milimita chache katika kila kifundo hujumlishwa, na mwishowe unazungusha usukani upana wa kiganja kabla gurudumu halijatii. Ongeza beringi zilizolegea za kingpini, yaani pale gurudumu linapopindia kwenye ekseli, na bushi zilizokufa kwenye fito inayoishikilia ekseli isiende upande, hapo mtikisiko ukishaanza hauachi mpaka upunguze mwendo.

Kupima kwake si siri. Gari likae chini kwa uzito wake, injini iwake, kijana wa gereji atikise usukani kidogo kushoto na kulia, nami nipitishe vidole kwenye kila kifundo. Kilichochoka hujisema chenyewe mkononi. Kisha nainua gurudumu kwa jeki, nalishika juu na chini, natikisa. Likicheza, namwambia kijana akanyage breki. Kama mchezo unaisha, tatizo ni beringi za gurudumu. Kama unabaki, ni kingpini. Ndani ya nusu saa tulijua yote.

"Mzee," nikamwambia, "kesho gari hii isiende Geita. Tairodi zimekwisha, na kingpini zimelegea."

"Kesho kuna msiba, fundi. Kwaya inanisubiri. Mungu yupo, tumeshasali."

Neno hilo ndilo linalonifanya niandike. Sikatai kwamba Mungu yupo, nalifundisha jambo hilo kila Jumapili. Ninachouliza ni kama sala inaweza kufanya kazi ya kutojua. Kabla sijalala chini ya gari lile, mzee angeweza kusema kwa haki kwamba hakujua, na ajali ikitokea ingekuwa msiba kama misiba mingine. Baada ya vidole vyangu kugusa kile kifundo na mdomo wangu kumwambia, alikuwa mwenye ng'ombe aliyeonywa. Kusali baada ya hapo ni jambo jema, ila haiwezekani kumwomba Mungu aturudishe katika hali ya kutojua. Hilo halimo katika ahadi zake.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wetu huliruka. Ile ahadi ya malaika kumchukua mtu mikononi asijikwae kwenye jiwe inatoka katika Zaburi, lakini katika Injili anayeitumia kumshawishi mtu ajitupe kutoka juu ya hekalu ni Shetani. Ananukuu Maandiko yenyewe. Yesu anakataa. Hasemi kwamba Baba hana uwezo wa kumlinda, anasema uwezo huo si wa kujaribiwa. Nikisikia mtu akisema "Mungu atatulinda" huku akijua tairodi zake zimekwisha, nakumbuka ni nani aliyelitumia neno hilo pale juu ya hekalu.

Na sisi mafundi tuna dhambi yetu. Mteja akilalamika kwamba usukani unacheza, kuna anayepanda juu ya injini, akakaza ile skrubu ya boksi la usukani, dakika tano kazi imekwisha. Usukani unakuwa mzito kidogo, mteja anafurahi, analipa. Tairodi hazikuguswa. Tena skrubu ikikazwa kupita kiasi, usukani haurudi katikati wenyewe baada ya kona, na boksi linajila. Mwingine anafunga shokapu mpya ya usukani. Mtikisiko unatulia kabisa, nao ugonjwa upo palepale, unaendelea kimyakimya, mpaka shokapu nayo ichoke. Nimekutana na dhamiri za namna hiyo katika ukatekista wangu: toba ya haraka inayotuliza mtikisiko na kuacha kilichochakaa kilivyo. Fundi anayefanya hivyo anamrudishia mwenye ng'ombe udhuru ambao hana haki nao, kwa sababu anamwambia ng'ombe ni mpole.

Mzee alikwenda Geita. Alirudi salama na kwaya yake yote, akapita gereji kunionyesha kwamba Mungu ni mwema.

Hapa ndipo palipo pagumu zaidi kuliko kama angepinduka. Padri mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake alinieleza kwamba mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, aliandika mwaka 1976 juu ya dereva ambaye hakujali kupimisha breki zake. Mtoto akitokea barabarani, dereva yule ni muuaji katika macho ya wote na ya kwake mwenyewe. Mtoto asipotokea, ni mtu aliyezembea kidogo tu. Madereva wawili walifanya jambo lilelile, kilichowatenganisha ni bahati. Nagel aliona hapo fumbo lisilofunguka kirahisi. Naelewa kwa nini mahakama inawatenganisha, maana mahakama inashughulika na maiti na majeruhi. Lakini kwa imani yangu, kosa la wote wawili ni moja, na aliyefika salama amepewa nafasi ya kutubu ambayo mwenzake hakupewa. Kufika salama si muhuri wa Mungu juu ya tairodi mbovu. Mzee angeshukuru kwa kuliacha gari kwangu siku ileile.

Sisi wa Ziwa Victoria tungepaswa kulijua hilo kuliko watu wengine. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kilijengwa kubeba abiria 101. Kabla ya siku ile, ni safari ngapi vyombo vya ziwa hili vimejaza kupita kiasi vikafika, watu wakashuka wakisema asante Mungu, na kila safari iliyofika ikawa sababu ya kujaza zaidi?

Baada ya ajali huku kwetu huja pia swali la nani amemroga. Silidharau swali hilo. Mwingereza Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, alieleza ghala lililowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wameila miti. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Ni swali la binadamu aliyefiwa, hata sisi Wakristo tunaliuliza kwa maneno mengine. Ila mchwa walikuwa wanaonekana kabla ya mtu yeyote kufa, na swali la mchwa lina jibu.

Kwa Busisi swali hilo la mchwa limekuwa la haraka zaidi tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi hapa. Zamani gari bovu lilikuja polepole, likapanga foleni ya kivuko, dereva akashuka kunyoosha miguu, akaona mafuta yanavuja chini, akaniita. Ziwa lilimlazimisha mtu kusimama. Sasa kuna kilomita 3 za lami safi juu ya maji, na upepo wa ghuba unalipiga ubavuni gari refu. Usukani uliolegea hujificha katika mwendo mdogo. Mtikisiko wa ekseli hizi mara nyingi huamka kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Daraja ni baraka, nalisema kwa moyo wote, wagonjwa wengi walichelewa wakisubiri kivuko. Lakini ile saa ya kuangalia chini ya gari sasa tunatakiwa kuitenga wenyewe.

Sitaki kumsema mzee kana kwamba ni mkaidi. Tairodi halisi ni ghali kwa pensheni yake, za mtumba hujui zimebakiza nini, na za bei rahisi huchoka mapema. Mtu anaweza kujua na asiwe na pesa. Lakini gari lile si lake peke yake katika siku za misiba. Kwaya ilichangishiwa sare, soda zikanunuliwa, na hakuna aliyeuliza gari lina hali gani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba damu. Ukingo ni sehemu ya kujenga. Tairodi ni sehemu ya kwenda msibani, na wanaopanda wote wanahusika na gharama. Kwa upande wangu, spea za usukani na breki nafunga kwa mkopo, mtu alipe kidogokidogo. Redio na rangi zinaweza kusubiri.

Nawaomba viongozi wa vigango, makanisa na misikiti katika njia hii ya Usagara, Sengerema na Geita: kabla ya kuombea safari, mwulizeni mwenye gari ni lini fundi alilala chini yake, na kama hana pesa, pitisheni kapu hapohapo. Na wewe abiria uliyekaa mbele, ukiona dereva anazungusha usukani huku na huku ilhali barabara imenyooka, mwambie asimamishe gari. Usiogope kuonekana huna imani.