Kuongoza Watazama Ndege Arabuko-Sokoke

Mwongozaji wa watazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, huanza kazi alfajiri, saa ambazo ndege huimba zaidi. Husikiliza kwanza, darubini hufuata. Majani huficha mengi, na anayetegemea macho peke yake hupitwa na ndege wengi.

Penye miti ya mirihi na mchanga mweupe hutafutwa kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Penye udongo mwekundu na vichaka vilivyosongamana huishi bundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, wa kijivu, kahawia au rangi ya kutu. Wengi humhesabu bundi kuwa nuksi, lakini huyu ndiye anayewatoa wageni Ulaya. Mchana hulala kwenye matawi ya chini, pengine wawili wamebanana, na mwongozaji hutangulia peke yake kuwatafuta huku wageni wakingoja njiani.

Ustadi wa kweli ni kumwonyesha bundi bila kumbughudhi. Mwongozaji hodari hatikisi tawi, hakawii hapo, wala hachezeshi sauti ya ndege kwenye simu msimu wa kutaga, kwani ndege hudhani mshindani amevamia akaacha kiota kumkabili. Wageni wengine hushinikiza. Kuwakatalia kwa upole ni kazi ngumu kuliko kukariri majina ya ndege.

Ujira wake huishia katika nyumba za kando ya msitu, ambako mti uliokatwa nao una bei yake, na ujira huo hushindana na bei hiyo.